Kwanini TANU iliota mizizi huku Ziwani na vyama vya upinzani vya 1992 vikabaki na mabango? (uzi mrefu)

MizaniYaPamba

Mwangaluka wakuu. Naomba mnivumilie uzi ni mrefu, hii kitu imenikaa moyoni muda sana.

Wiki iliyopita nilikuwa Kwimba kwenye msiba wa baba mdogo. Baada ya mazishi tukakaa kivulini pembeni ya ghala la chama cha msingi cha pamba, lile la zamani. Ukuta wa matofali ya kuchoma, bati limekula kutu mpaka limekuwa jekundu, mlango haupo na mbuzi wanalala humo ndani, ila limesimama. Babu yangu mzaa baba alikuwa karani wa mizani pale, na mpaka leo wazee wakilitaja wanasema "ghala letu", hawasemi la serikali wala la chama gani. Kesho yake nikarudi mjini, nikashukia Igoma, nikapita kwenye fremu tuliyokuwa tumepanga kama ofisi ya kata ya chama mwaka 2010 (chama sikitaji maana haitasaidia kitu). Sasa hivi ni saluni ya kike. Juu ya mlango bado kuna vile vyuma viwili vilivyokuwa vinashika kibao chetu, kibao chenyewe kilishuka mwaka uliofuata, kodi ilipoisha na mgombea wetu aliyekuwa anailipa akawa hapokei simu.

Nikasimama pale nikajiuliza, hawa wazee wasiokuwa na simu wala gari walijengaje kitu kikasimama miaka 60 na sisi tukashindwa kushika chumba kimoja miezi 12?

Jibu langu ni hili na nitalitetea: TANU huku kwetu haikuanza kama chama cha siasa, ilikuta watu wameshajipanga. Kabla ya ushirika mkulima alikuwa anabeba pamba yake mpaka kituo cha kununulia, mnunuzi anapima, mkulima mizani haijui kusoma, anaambiwa ratili kadhaa anapokea hela anaondoka, na anajua moyoni kwamba kaibiwa ila hana pa kushika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Paul Bomani na wenzake wakaja na kitu rahisi tu: wakaweka wapimaji wao, mtu wa wakulima anayejua kusoma mizani anapima mzigo wako, ukienda kwa mnunuzi ukiambiwa pungufu unajua hapa naibiwa. Basi. Hakuna hotuba ya uhuru pale, ni ratili zako tu zinarudi mfukoni. Ndo ikazaliwa Lake Province Growers Association, na mwaka 1955 ikaja Victoria Federation, muungano wa vyama vya ushirika, ambayo wazee wanaiita Fedaresheni, na mpaka miaka ya 50 inaisha ndo ilikuwa inashika pamba yote ya Kanda ya Ziwa.

Sasa angalieni hapa. TANU imeanzishwa tarehe 7/7/1954 Dar, na kwenye wale 17 wa kwanza yumo Saadan Abdu Kandoro aliyekuwa akiendesha TAA, chama kilichotangulia TANU, hapa hapa Mwanza. Serikali ya mkoloni ikaona huku Ziwani kuna moto, mwaka huo huo ikakataa kusajili matawi ya TANU Usukuma, mpaka 1958. Miaka minne chama hakiruhusiwi! Na bado lilipoondolewa zuio watu walikuwa wameshakuwa TANU zamani, kwasababu kilichozuiwa ni chama, ghala halikuzuiwa. Mwaka 1958 watu wa Geita walivyokataa lile baraza la mchanganyiko wa rangi waliandamana kwa maelfu mpaka Mwanza mjini, wakati huo daraja la Kigongo–Busisi hata ndotoni halipo, wakapigwa mabomu ya machozi na hawakuacha. Mtu hafanyi vile kwa ajili ya bango, anafanya kwa ajili ya kitu alichokwisha kukishika mkononi.

Vyama vyetu vya 1992 vilikuja na nini cha kushika? Naomba tujadili.

KirumbaMoja

Mkuu heshima kwako, uzi mzuri, ila hapo kwenye mabango umetuonea. 2010 ulikuwa wapi? Mwanza hii hii tulichukua Nyamagana na Ilemela kwa mpigo, Wenje akamwangusha Masha ambaye alikuwa waziri wa mambo ya ndani, yani waziri mwenye polisi! Kiwia akamwangusha Diallo. Na Ukerewe nako ikaenda Chadema. Nilikuwepo Furahisha, watu wamejaa mpaka barabara ya Airport haipitiki, hakuna aliyeletwa na lori wala aliyepewa fulana. Machinga wa Makoroboi walikuwa wanachangishana buku buku kwenye ndoo ya plastiki mimi nimeona kwa macho. Huo sio mzizi?

Na pili mkoloni alifunga matawi Usukuma miaka minne unasema ndo ilikuza TANU, sasa sisi mikutano ya hadhara ilifungwa 2016 mpaka Januari 2023, miaka saba kasoro, mbona huitaji? Mtu akikushika miguu yote miwili alafu anakuambia hujui kukimbia, tatizo ni la mkimbiaji?

MizaniYaPamba

KirumbaMoja nimekusoma kaka na hiyo ya miguu nakubali, nitairudia. Hata 2010 nilikuwepo, ile fremu ya Igoma ndo mwaka huo huo. Ila jiulize, 2015 Nyamagana ikarudi CCM na Ilemela ikarudi CCM, mwaka ambao upinzani nchi nzima ulipata kura nyingi kuliko wakati wowote, Lowassa karibu asilimia 40. Yani wakati wimbi linapanda kote sisi tuliolianzisha tunashuka. Wale machinga wa ndoo walienda wapi? Hawakuhama mji. Kilichotokea ni kwamba baada ya kura hakuna aliyerudi na ile ndoo kuwauliza sasa tufanye nini na hii nguvu.

Ngoja niendelee na historia maana bila hiyo tutakuwa tunalaumiana bure.

Vyama pinzani nchi hii havikuanza 1992. Mkoloni mwenyewe, Gavana Twining, ndo alibariki chama cha UTP mwaka 1956 ili ishindane na TANU. Ilikuwa na wazungu, wahindi na waafrika wachache wenye nafasi zao, ikaweka masharti mazuri kwenye karatasi, haikuwa na kijiji hata kimoja. Mwaka 1958 TANU ikakaa Tabora kugombana kuhusu kura tatu, ile ya kulazimishwa kumchagua mzungu, mhindi na mwafrika kwenye karatasi moja. Nyerere akasema tuingie, Zuberi Mtemvu akakataa akatoka akaanzisha chama chake, ANC. Kwangu mimi Mtemvu ndo mpinzani wa kwanza wa kweli, alitoka kwa hoja na hakununuliwa na mtu. Uchaguzi wa 1960 viti 71, TANU 70, na kati ya hivyo 58 hakuna hata mtu aliyejitokeza kushindana. 1962 Mtemvu akagombea urais dhidi ya Nyerere, hakufikisha asilimia 2.

Hapo ndo watu wengi wanaishia, wanasema si unaona, wananchi wenyewe hawakutaka upinzani. Mimi naenda mbele kidogo. Kwasababu kama wananchi hawautaki kulikuwa na haja gani ya kuupiga marufuku? Halmashauri Kuu ya TANU ikaamua mwanzoni mwa 1963 twende chama kimoja, Januari 1964 jeshi likaasi, viongozi wa wafanyakazi wakakamatwa, shirikisho lao la TFL likafutwa ikaundwa NUTA chini ya serikali, na 1965 katiba ikafunga mlango rasmi.

Na hapa ndo penyewe wakuu. Ushirika wetu! Ile Fedaresheni iliyowabeba TANU mgongoni. Ilikuwa imeshaanza kuoza nakubali, makarani wanaiba (wizi wa mizani ukarudi, safari hii mwenye mizani ni mtoto wa kijiji), tume ikaundwa 1966, serikali ikaingia ndani, 1968 Victoria Federation ikavunjwa ikawa chama kikuu cha ushirika cha Nyanza. 1976 vyama vikuu vyote vya ushirika nchi nzima vikafutwa, pamba ikanunuliwa na mamlaka ya serikali. 1977 ikaja CCM, na ulipokuja kurudishwa ushirika kwa sheria ya 1982 tayari ni jumuiya ya chama. Hesabuni jumuiya za CCM enzi hizo: UWT, Vijana, Wazazi, JUWATA, Washirika. Kina mama, vijana, wazazi, wafanyakazi, wakulima. Amebaki nani?

Kwahiyo 1992 mlango unafunguliwa, nje hakuna kikundi hata kimoja cha watu kilichosimama chenyewe. Mtemvu alikuwa na vyama vya wafanyakazi vya kuvibembeleza, sisi 1992 tulikuwa na barua ya usajili.

BintiWaMabatini

Shikamooni wakubwa. Babu yangu yuko hapa pembeni nimemsomea uzi wote, ana miaka 82, anasema niandike hivi kama anavyosema yeye:

"Mwambie huyo mtoto kasema vizuri ila chama kimoja hakikuwa kimya kama anavyofikiri. 1965 mimi nilikuwa na miaka 22, ndo kura yangu ya kwanza. TANU ilikuwa inasimamisha watu wawili jimbo moja, mmoja anapewa alama ya jembe mwingine nyumba. Hairuhusiwi kampeni za peke yako, mnasimama wote jukwaa moja mnaongea, tunawasikiliza, tunawauliza maswali, na maswali yalikuwa makali. Kila mgombea alikuwa anaomba Mungu apate jembe kwasababu mkulima anapenda jembe, ila watu hawakuwa wajinga, walichagua nyumba pia. Hapa Mwanza mwaka ule tulimwangusha Bomani. Bomani huyo huyo wa ushirika, waziri wa fedha! Kwanini? Kwasababu watu walikuwa na manung'uniko na ushirika, bei, makato, na yeye alikuwa mkubwa sasa, hatumwoni. Tulimpenda lakini tulimwangusha. Nyerere akamrudisha kwa kumteua ila ujumbe ulifika."

Hapo amenyamaza kidogo akasema tena: "Kilichoharibika sio kwamba kulikuwa na chama kimoja. Ni kwamba tulikuwa tunaweza kuondoa mtu, jambo lenyewe hatuwezi kuliondoa. Unamtoa Bomani, bei ya pamba inabaki vile vile."

Mimi nimeishia hapo nimeona bora niandike kabla sijasahau.

MizaniYaPamba

Dada mshikie mzee miguu kwa niaba yangu. Hiyo sentensi ya mwisho nimeisoma mara tatu. Unaondoa mtu, jambo huwezi. Chama pinzani kazi yake ni hiyo, kumpa mtu nafasi ya kuondoa jambo.

JaKisumo

Habari zenu majirani, niko upande huu wa ziwa, Kisumu, nimekuwa nasoma tu lakini nimeona niseme kitu.

Sisi huku mambo yalienda tofauti lakini tukafika mahali pamoja. Tulipata uhuru tukiwa na vyama viwili, KANU na KADU. KADU ikajivunja yenyewe 1964 ikaingia KANU, viongozi wakapewa viti. Alafu 1966 Jaramogi Oginga Odinga akatoka na kuanzisha KPU, na hiyo haikuwa mambo ya vyeo, walikuwa wanauliza maswali ya ardhi, nani amepata mashamba ya wazungu. Wabunge waliohama wakaambiwa lazima warudi kwa wananchi, viti 29 vikapigiwa kura, KPU ikashinda 9. Tisa tu, na wengi kutoka Nyanza, kwahivyo ikawa rahisi kusema hiki ni chama cha Wajaluo. Oktoba 1969 Kenyatta akaja hapa kufungua hospitali, kukawa na vurugu, risasi zikapigwa, watu wakafa, na siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku. Huku hakuna familia ya zamani isiyo na hadithi ya siku ile.

Sasa nyinyi mnaongea 1992, sisi tulikuwa na chama cha upinzani cha FORD. Desemba 1991 kipengele cha 2A cha katiba, kilichoifanya KANU chama pekee, kiliondolewa, kila mtu akijua Rais Moi anaenda. FORD ikagawanyika, Matiba huku Jaramogi kule, na Moi akashinda na kura asilimia 36 hivi. Asilimia 36! Watu wawili kati ya watatu walimkataa na akashinda. Kwahivyo ndugu MizaniYaPamba mimi naongeza kwa hoja yako, hata mahali ambapo watu wako tayari, chama kikiwa ni cha mtu kitagawanyika kama shamba la marehemu.

KirumbaMoja

JaKisumo asante sana kaka, hiyo ya FORD ni NCCR yetu kabisa kabisa. 1995 Mrema katoka CCM, alikuwa naibu waziri mkuu, kaingia NCCR-Mageuzi miezi michache kabla ya uchaguzi, vijana wanasukuma gari lake kwa mikono huku injini imezimwa. Akapata karibu asilimia 28, Mkapa karibu 62. Baada ya hapo yeye na Marando, kiongozi mwenzake, wakaanza kugombania chama, kesi mahakamani, 1999 Mrema kaenda TLP na ile NCCR haijarudi kuwa ile tena. Mzee wangu alikuwa na kadi ya NCCR, kaiweka kwenye Biblia mpaka amefariki, hakujiunga na kingine.

MvuviWaNansio

Mada nzito. Mi naandika kutoka Ukerewe.

KirumbaMoja kataja Ukerewe 2010, ni kweli, na 2015 tukachagua Chadema tena, tulikuwa tumeshika. Alafu 2018 mbunge wetu akahamia CCM akisema anaunga mkono juhudi za Rais Magufuli. Mimi sitaki kumsema mtu, kila mtu ana sababu zake, ila nieleze tu ilivyokuwa siku ile mwaloni. Tulikuwa tunashusha dagaa asubuhi, mtu mmoja akawa na redio, tukasikia. Hakuna aliyepiga kelele. Watu wakaendelea kuanika dagaa. Mzee mmoja akasema tu "sasa kura yangu iko wapi?" na hakuna aliyemjibu kwasababu kwa sheria zetu mbunge ukihama chama kiti kinaachwa wazi mnarudia uchaguzi, kwahiyo karatasi inasema kura ni ya chama, lakini sisi wala chama hatukijui ofisi yake, tulimjua yeye.

Ndo maana nakubaliana na mleta uzi. Chama kingekuwa cha kwetu, mtu akihama anaondoka yeye na begi lake, sisi tunabaki. Kikiwa cha mtu, akiondoka anaondoka nacho.

Na mambo ya kuondoa jambo alivyosema yule mzee: sisi nyavu zetu zimechomwa, boti zimechomwa, kipindi kile cha oparesheni za uvuvi haramu, zingine haramu kweli na zingine zilikuwa halali. Ni chama gani kilikuja kukaa na sisi kikaandika nyavu za nani, ukubwa gani, bei gani, kikaenda nazo mahali? Walikuja kuhutubia. Walihutubia vizuri.

MizaniYaPamba

MvuviWaNansio umenimaliza kaka. Ngoja na mimi nieleze yangu ya 2010 kwa urefu kidogo, sijawahi kuieleza popote.

Nilikuwa wakala wa chama kwenye kituo, darasa la shule ya msingi huku pembezoni. Tuliambiwa tutaletewa chakula na nauli, havikuja, hilo sio neno, nilikuwa na muhogo wangu. Jioni tukaanza kuhesabu, umeme hamna, tukawasha chemli mbili, karatasi zinamwagwa mezani, msimamizi anainua moja moja anaonyesha, tunaitikia. Tuliongoza kituo kile. Nikasaini fomu ya ubunge na nakala yangu nikaikunja nikaiweka ndani ya soksi kwasababu tulikuwa tumeambiwa nakala zinaporwa njiani. Nikatembea mpaka barabarani usiku, nikapata bodaboda mpaka ofisini Igoma nikabidhi. Ofisi imefungwa. Napiga simu za viongozi wote wanne niliokuwa na namba zao, wawili hawapatikani, mmoja yuko kwenye majumlisho anasema subiri, mmoja kalala. Nililala kwenye baraza la ile fremu na fomu yangu kwenye soksi mpaka asubuhi. Tulishinda jimbo, ndiyo, tulishinda kwa watu kujitolea kupita kiasi. Ila fomu yangu nilikuja kumkabidhi mtu siku tatu baadaye na akaniuliza "hii ni ya nini?"

Sasa mfananisheni na babu yangu na mizani yake. Kila gunia linaandikwa kwenye daftari, jina, ratili, hela. Kila jioni daftari linafungwa mbele ya watu watatu. Hicho ndo chama wakuu. Hotuba inakuja baadaye.

Na nirudi kwa KirumbaMoja kwenye miguu kufungwa. Ni kweli na sitaki mtu asome uzi huu akasema nimelaumu vyama tu nikaacha dola. Tume ya Jaji Nyalali 1991 iliwauliza wananchi, karibu asilimia 80 wakasema chama kimoja kibaki, na tume kwa busara ikasema hata hivyo vyama viruhusiwe, kwasababu wale wachache wana haki na kwasababu hao wengi wenyewe walikuwa wanataka mambo mengi yabadilike. Tume hiyo hiyo ikaorodhesha sheria 40 za ukandamizaji, ikasema zifutwe au zirekebishwe. Vyama vikaruhusiwa Julai 1992, sheria nyingi zikabaki. Yani ni kama umemruhusu mtu alime ila jembe umebaki nalo. Chama kikasajiliwa lazima kiwe na wanachama 200 kwenye kila mkoa kati ya mikoa 10, miwili ya Zanzibar, hilo zuri kwa umoja wa nchi, lakini lilifanya kila mtu akimbilie kuenea kabla ya kuota. Una watu 200 Mtwara na 200 Pemba na huna kijiji kimoja kilichosimama. Ruzuku nayo inafuata kura na wabunge, kwahiyo hela inakaa makao makuu Dar, mwenyekiti wa makao makuu ndo anakuwa chama. Tukashangaa kwanini wanagombania uenyekiti?

Alafu bahati mbaya kubwa ambayo sijaona mtu akiisema. Miaka ile ile vyama vinazaliwa, biashara ya pamba nayo ikafunguliwa, 1994 wanunuzi binafsi wakaingia, ushirika ukaanguka mara ya pili. Kwahiyo huku Ziwani vyama vilipokuwa vinatafuta pa kushika, kile cha kushika ndo kilikuwa kinazama. Cheyo na UDP yake kule Bariadi alijaribu, aliongea lugha ya mkulima, mapesa mapesa, watu wakamwelewa na wakambakisha bungeni miaka mingi. Ila ilikuwa Bariadi na ilikuwa Cheyo.

KirumbaMoja

Sawa hapo tumekutana mkuu. Ila nataka niongeze kitu kimoja, Uwanja wa CCM Kirumba. Mimi nimekulia nyuma ya uwanja ule. Mzee wangu alikuwa anasema walichangia wote, enzi zile mwananchi na mwanachama ni mtu mmoja, huwezi kusema sichangii. 1992 ilipofika mali zikabaki za chama, uwanja ukabaki na jina, na mimi nikitaka kufanya mkutano naenda Furahisha naomba kibali. Sasa unaniambia nianze na mizani, nakubali, ila mwenzangu kaanza na viwanja nchi nzima ambavyo hata jasho la baba yangu limo. Na April 2025 Chadema walienguliwa uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili, mwenyekiti wao akawekwa ndani kwa kesi ya uhaini, sasa hapo hata ningekuwa na maghala mia ningeyapeleka wapi?

MizaniYaPamba

Hapo sina jibu jepesi kaka na sitajifanya ninalo. Ninachojua ni kwamba mkoloni naye alikuwa na viwanja vyote, na polisi wote, na mahakama. Na wale wazee miaka minne hawakuwa na ruhusa ya kuweka hata kibao.

MamaWaMwaloni

Wanangu nimewasoma wote kutoka juu. Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba tangu 1998. Siasa zenu za miaka ile siijui vizuri ila nisikilizeni.

Pale mwaloni tuko kina mama wengi, tuna vikoba, tuna mchezo wa kila wiki, tunazikana, tunasomesheana watoto. Mwenzetu mtumbwi ukizama na mzigo wake tunamchangia siku hiyo hiyo. Tuna daftari, tuna mweka hazina, tuna funguo tatu za sanduku na kila funguo iko kwa mtu wake. Kila uchaguzi wanakuja wote, kijani wanakuja, wale wa gwanda walikuja, wa bluu nao walikuja, wanaomba tuwajazie mkutano, wengine wanatoa kanga wengine hawana cha kutoa wanatoa maneno matamu. Hajawahi kuja mmoja akaniuliza mama ndoo ya dagaa leo bei gani, ushuru umelipa mara ngapi mpaka Kongo hapa, huyo dalali anapimaje. Hata ndoo zenyewe! Ndoo ya kununulia ni kubwa na ndoo ya kuuzia ni ndogo na zote zinaitwa ndoo. Mnaongelea mizani ya 1950, ya leo mnaijua?

Nyie mnalia hamna vikundi vya watu. Vipo. Sisi tupo pale saa kumi na moja alfajiri kila siku.

MvuviWaNansio

Mama umemaliza. Ndoo ya Nansio na ndoo ya Kirumba hazilingani, mi mwenyewe nimepoteza hela hapo miaka na miaka, nilidhani ni mimi peke yangu.

MizaniYaPamba

Mama shikamoo. Nimeandika karibu siku nzima kuuliza vyama vingeshika nini, kumbe nilitakiwa nije Mwaloni. Kama utaniruhusu Jumanne alfajiri nakuja na mizani ya saa, tupime ndoo zote mbili mbele ya wenzako, tuandike. Sina chama kwa sasa, nakuja kama mtoto wa karani tu.

MamaWaMwaloni

Njoo mwanangu. Uliza mama wa vikoba upande wa wanaopakia ya Kongo. Njoo kabla jua halijatoka, likitoka tunaanika hatuna muda.

BintiWaMabatini

Babu anauliza lile ghala la Kwimba, ndani mizani bado ipo?

MizaniYaPamba

Mwambie mizani haipo, sijui nani aliichukua na mwaka gani. Ila ile ndoana ya chuma iliyokuwa inaning'iniza mizani ipo juu kwenye boriti, nimeishika kwa mkono wangu.